Plagi za IST, Vitz na ndugu zake: ipi ununue, ipi uiache kaunta

Ukiingia duka la spea Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukaomba plagi za Toyota IST, zile zinazorusha cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, mazungumzo huwa mafupi.

"Kaka, nipe plagi za IST."

"Za kawaida au iridiamu, bosi?"

"Zinapishanaje?"

"Za kawaida utarudi tu kwangu. Iridiamu unafunga unasahau, mpaka unauza gari."

Katika maneno yote hayo hakuna aliyeuliza injini ni ipi, wala plagi zinazotoka zina namba gani. Na hiyo ahadi ya kufunga ukasahau ni kweli kwa aina moja tu ya iridiamu, ambayo mara nyingi siyo iliyo mkononi mwa muuzaji. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua mwenyewe, akafunge mwenyewe nyumbani Jumamosi asubuhi, na asiingizwe mjini.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mwenye gari la kwendea kazini na kupeleka watoto shule, plagi ya kawaida, yaani ya nikeli, iliyo halisi na yenye namba sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, inaishinda iridiamu yoyote usiyoweza kuithibitisha. Dereva wa Bolt ana hesabu nyingine, nayo tutaipiga hapa chini.

Injini kwanza, jina la gari baadaye

IST ya umbo la kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ina injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3 au 1NZ-FE ya lita 1.5. Injini za familia hiyo utazikuta pia kwenye Platz, Funcargo, Raum, Spacio na Probox, na 1NZ-FE ikaendelea mpaka kwenye Axio na Fielder za lita 1.5. Vitz ndiyo yenye kuchanganya watu: jina ni moja, lakini ndani unaweza kukuta 1SZ-FE, 2SZ-FE, 1KR-FE au hizo NZ. Kwa hiyo "plagi za Vitz" ni ombi lisilo kamili. Fungua boneti utafute bamba la chuma lenye namba ya chasisi. Kwenye magari ya Toyota yaliyotoka Japani, injini imeandikwa hapo hapo.

Kwa NZ, plagi ya kawaida ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Hizo herufi zote zina kazi, na ukizielewa muuzaji hawezi kukupa kitu "kinachofanana". Chukua ya Denso. K inasema thredi ni ya milimita 14, urefu wake milimita 19, na spana yake ni namba 16. Namba 16 inayofuata ni kiwango cha joto. R ni rezista iliyo ndani, inayozuia redio na kompyuta ya gari zisisumbuliwe na cheche. U ni mfereji uliochongwa kwenye kikono cha chini, kile kilichopinda kikatazamana na ncha ya kati. 11 ni gepu, yaani nafasi ambayo cheche inairuka, ya milimita 1.1. Ya NGK inasema karibu hayo hayo kwa herufi zake, ila 5 yao ndiyo 16 ya Denso, na 6 yao ndiyo 20.

Hapo kwenye kiwango cha joto ndipo watu wanapopigwa. Kwa Denso na NGK, namba ikipanda plagi inakuwa "baridi" zaidi, yaani inatoa joto haraka kwenda kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini plagi inapofungwa. (Bosch wanahesabu kinyume, basi usihamishe namba kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa kukisia.) Duka likiishiwa K16 watakupa K20 na kukwambia ni ile ile. Itaingia, itawaka, na utaondoka umefurahi. Lakini ncha ya plagi inahitaji kufika kama nyuzi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, na gari linalotoka Tabata kwenda Posta kwa mwendo wa foleni, AC imewashwa, halipati nafasi nzuri ya kuipasha plagi baridi. Baada ya miezi kadhaa ncha inakuwa nyeusi na gari linaanza kumisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka. Ukienda upande wa pili, plagi ikiwa moto kupita kiasi, ncha inaweza kufika nyuzi 900 na zaidi, ikawasha mafuta kabla cheche haijaruka, na hapo pistoni ndiyo inayolipa.

Urefu wa thredi hauna mjadala kabisa. Plagi ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni. Fupi inaacha thredi za hedi wazi, zinajaa kaboni, na siku ukirudisha plagi sahihi haipiti.

Nafasi ya kwanza: nikeli ya kawaida, halisi

K16R-U11 au BKR5EYA-11, yoyote kati ya hizo mbili. Sina upendeleo kati ya Denso na NGK na sioni sababu ya wewe kuwa nao. Nunua ile unayoweza kuipata halisi. Toyota wenyewe hununua kwa kampuni hizi, ndiyo maana plagi iliyo kwenye boksi la Toyota mara nyingi ina jina la Denso au NGK kwenye kauri.

Faida yake kubwa haisemwi sana: inakulazimisha ufungue injini mara kwa mara. Magari yetu mengi yameingia nchini yakiwa na miaka kumi au zaidi. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, imeanza kuvujisha oili ndani ya shimo la plagi, klipu za koili zinazoipa plagi umeme zimekauka, labda ringi za pistoni zimeanza kupitisha oili. Mtu anayetoa plagi kila kilomita 20,000 anayaona haya mapema. Aliyefunga akasahau anayajua siku gari limezima Kimara.

Nikeli huisha kwa kuliwa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 1,500 katika dakika hiyo, na kila cheche inang'oa chembe ya chuma. Gepu inapanuka kutoka 1.1, koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke, na koili iliyokwisha kuchoka kwa joto inakufa. Koili moja halisi ni ghali kuliko seti nzima ya nikeli. Ndiyo maana mtu anayekwambia "plagi bado zinawaka, ziache" anakuokolea pesa ndogo ili utoe kubwa.

Denso, kwa soko la Japani, wanataja kilomita 15,000 mpaka 20,000 kwa plagi za nikeli kwenye magari madogo ya abiria. Vitabu vya Toyota vya masoko mengine vinaruhusu zaidi. Kwa Dar na Nairobi nakaa na 20,000, kwa sababu odomita haihesabu saa unazokaa kwenye foleni injini ikizunguka.

Denso pia wana nikeli yenye ncha mbili nyembamba, K16TT. Ni plagi nzuri, inaanza kuwaka vizuri asubuhi, na ikiwa bei yake iko karibu na K16R-U11 ichukue bila kusita. Haibadilishi maisha.

Nafasi ya pili: iridiamu ya maisha marefu

Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446 hivi, nikeli 1,455. Kwa hiyo ncha ya iridiamu inaweza kuchongwa nyembamba sana na bado isiliwe haraka, na ncha nyembamba inahitaji volti ndogo kurusha cheche. Hiyo ndiyo sayansi yake yote, na ni ya kweli.

Lakini plagi ina pande mbili. Cheche inaruka kutoka ncha ya kati kwenda kwenye kikono, na kikono nacho kinaliwa. Iridiamu ya maisha marefu ina chuma ghali pande zote mbili: iridiamu katikati, na kipande kidogo cha platinamu kilichounganishwa kwenye kikono. Kwenye NZ ya kutafuta ni Denso SK16R11. Plagi za namna hii ndizo zinazokwenda mpaka kilomita 100,000.

Sasa hesabu. Bei zinapanda na kushuka na dola, basi tuchukue mfano tu: nikeli shilingi 10,000 kwa moja, iridiamu ya maisha marefu 40,000. Seti ya nne ni 40,000 dhidi ya 160,000. Ndani ya kilomita 100,000 mwenye nikeli atanunua seti tano, jumla 200,000. Iridiamu imeshinda kwa karatasi. Anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka atahitaji zaidi ya miaka minane kuuona ushindi huo, na wengi wetu gari halikai nasi muda huo wote. Dereva wa Bolt anayepiga kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anamaliza 45,000 ndani ya mwaka mmoja. Kwake seti moja inakwisha ndani ya miaka miwili na kidogo, na kila mara asipofungua injini ni asubuhi ambayo hajapoteza abiria. Huyo aweke iridiamu ya pande mbili nafasi ya kwanza, kwa masharti mawili: injini isiwe inakula oili, na plagi ziwe zimetoka kwa wakala anayeeleweka. Injini inayopitisha oili inaichafua plagi ya 40,000 kwa kasi ile ile inayoichafua ya 10,000.

Kuna watu ambao hawana uchaguzi: gari lililotoka kiwandani na iridiamu lirudishiwe iridiamu. Magari mapya zaidi yana plagi mahali pabaya kufikika, na waliotengeneza walipanga zikae huko muda mrefu.

Nafasi ya tatu: iridiamu ya upande mmoja

Hizi ndizo zinazojaa madukani: Denso Iridium Power (IK16) na NGK Iridium IX (BKR5EIX-11). Ni plagi halali, zimetengenezwa vizuri, ncha ya IK16 ina kipenyo cha milimita 0.4 tu, na gari linaitikia vizuri ukikanyaga mafuta. Tatizo liko kwenye maneno ya kaunta. IK16 ina iridiamu katikati lakini kikono chake ni nikeli, na Denso wenyewe kule Japani wanaipa Iridium Power maisha yale yale ya nikeli, kilomita 15,000 mpaka 20,000. Mtu analipa bei ya iridiamu, anaambiwa afunge asahau, anakwenda nayo 80,000, halafu anashangaa koili zinakufa moja baada ya nyingine.

Kama unaipenda kwa wepesi wa kuwaka, nunua, lakini ikague kwa ratiba ya nikeli. Na angalia gepu: IK16 hutoka kiwandani ikiwa chini ya 1.1. Usijaribu kuipanua kwa bisibisi, ncha ya 0.4 inakatika kwa kuguswa tu.

Nafasi ya nne: zenye vikono vitatu au vinne

Zinapendeza machoni, na wauzaji huzisifia kwamba zinapiga cheche nne. Hazipigi nne. Umeme unafuata njia rahisi kuliko zote, kikono kimoja kwa wakati. Kuna injini zilizoundwa kwa ajili ya plagi hizo, na huko zina kazi yake. NZ si mojawapo.

Za mtumba, zilizotolewa kwenye injini za kukata

Sizipi namba. Shauri Moyo utazikuta zimesafishwa zinang'aa kuliko mpya. Kung'aa huko kunatokana na msasa au brashi ya waya, na brashi inaacha mstari wa chuma kwenye kauri ambao umeme unaupenda kuliko gepu. Hujui zimetembea kilomita ngapi, na plagi iliyowahi kuanguka chini inaweza kuwa na ufa ndani ya kauri usioonekana kwa macho. Mambo mengi ya mtumba nanunua, hata koili ya Kijapani nikishaipima. Plagi hapana.

Feki: itazame plagi, boksi liache

Boksi linaigwa kirahisi kuliko kilichomo. Hologramu, msimbo, plastiki ya kufungia, vyote hivyo kiwanda cha feki kinavichapisha kwa senti. Kwa hiyo omba plagi itolewe mkononi. Muuzaji akikataa usiitoe kwenye boksi, amekujibu.

Anza na ncha. BKR5EYA-11 halisi ina mkato wa umbo la V katikati ya ncha ya kati. Itazame kutoka mbele kwenye mwanga utauona kama kijimfereji. K16R-U11 ya Denso ina mfereji wa umbo la U upande wa ndani wa kikono, ule unaotazamana na ncha. Hivi vitu vinagharimu kuvichonga, na feki nyingi zina ncha bapa na kikono bapa huku maandishi yakisema Y au U. Kwenye iridiamu, ncha iwe nyembamba kweli, na pale ilipounganishwa na chuma cha chini pawe na duara safi la kulehemu kwa leza. Feki mara nyingi ni nikeli iliyochongwa ikawa nyembamba: hakuna duara, ni chuma kimoja kinachoteremka.

Shika plagi zote nne uzipange. Vikono vyote vielekee katikati ya ncha sawasawa, gepu zote zilingane. Ukiwa na fila geji ya 1.1 ipitishe, ya kiwandani haipishani kwa macho, ya feki moja itabana na nyingine itapwaya. Ile washa, pete ya chuma iliyo kwenye thredi, ijaribu kwa kidole: kwenye halisi inazunguka lakini haitoki. Ikidondoka yenyewe mkononi, rudisha. Maandishi kwenye kauri yakifutika kwa ukucha, rudisha.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinahitaji multimita ya bei ya chini. Weka kwenye kilo-omu 20, ncha moja ya mita juu kabisa ya plagi panapokaa koili, nyingine kwenye ncha ya kati chini. Plagi yenye R itasoma kama kilo-omu 5, na chochote kati ya 3 na 7.5 kinakubalika, zote nne zikikaribiana. Feki nyingi husoma sifuri, kwa sababu ndani wameweka waya mtupu, au hazisomi kabisa. Kisha pima kutoka juu kwenda kwenye thredi: hapo pasisomeke kitu. Huchukui hata dakika tano, na nakuhakikishia muuzaji akiona umetoa mita mfukoni, boksi linabadilika bila kuombwa.

Bei nayo inasema. Iridiamu inayouzwa kwa bei ya nikeli si ofa. Na dai risiti; Tanzania iwe ya EFD, yenye namba ya plagi iliyoandikwa, siyo "spea" tu. Ukishabambikwa, risiti hiyo ndiyo utakayoipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Kwa walioko Kenya ni mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, ACA.

Vifaa: usitumie zaidi ya unavyohitaji

Soketi ya plagi namba 16, ndefu, yenye sumaku ndani. Zipo zenye raba badala ya sumaku, na raba ikizeeka inabaki kwenye plagi ndani ya shimo ukivuta soketi. Kuitoa ni adhabu. Ekstensheni ya sentimita 25 au mbili fupi zikiunganishwa, racheti, na soketi namba 10 kwa bolti za koili. Spana ya T yenye kiungo kinachopinda ni rahisi na watu wanaipenda, lakini ikilala upande inaweza kuvunja kauri. Ukiwa nayo, ishike wima. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni nzuri kuwa nayo, ila kwa plagi mpya unaweza kuishi bila hiyo, kama utakavyoona.

Grisi ya shaba ya kupaka thredi usinunue. NGK wanashauri isipakwe, kwa sababu plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na utelezi unakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Kufunga

Injini iwe imelala baridi, usiku mzima ikiwezekana. Hedi ni aluminiamu, na thredi za aluminiamu ya moto zinatoka pamoja na plagi. Toa kava la plastiki. Utaona koili nne, kila moja na soketi ya waya na bolti ya namba 10. Klipu za waya zimekaangwa na joto kwa miaka: bonyeza kwanza, tikisa, ndipo uvute, la sivyo inabaki mkononi. Koili izungushe kidogo kulia na kushoto kabla ya kuivuta juu. Ikitoka na oili kwenye raba yake, gasketi ya tapeti kava inakuita, na plagi mpya hazitalimaliza hilo.

Fanya shimo moja mpaka liishe ndipo uende la pili. Kabla ya kulegeza plagi, puliza vumbi ndani ya shimo, hata kwa pampu ya baiskeli. Mchanga ulioko humo ukianguka ndani ya silinda hautoki tena kwa amani. Legeza robo mzunguko, puliza tena, ndipo utoe.

Kuingiza ndiko kunakoharibu hedi za watu. Weka plagi mpya kwenye soketi na ekstensheni bila racheti. Ishushe taratibu isije ikaanguka ikafunga gepu. Izungushe kwanza kinyume mpaka uhisi thredi zimekaa, halafu kaza kwa vidole tu. Iende mizunguko mingi bila kubishana nawe. Ikigoma mapema, toa uanze upya, usimwite racheti akusaidie. Ikishagusa chini, ndipo uweke racheti: plagi mpya yenye washa inaongezwa nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, na utahisi washa ikijiminya. Ile iliyokwisha kufungwa kabla, washa yake imeshaminywa, inatosha moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Bolti za koili ni za kubana kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

Plagi ulizotoa zipange kwa namba za silinda uzitazame kabla hujazitupa. Kahawia iliyofifia au kijivu ni afya. Nyeusi kavu ni mafuta mengi kuliko hewa, na kagua kwanza chujio la hewa, kisha uulize kama plagi ilikuwa baridi mno. Nyeusi yenye majimaji ya oili ni ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge ni joto, isipuuzwe. Wekundu kama kutu kwenye ncha hutokana na viongezeo vyenye chuma au manganizi kwenye petroli, ikiwemo baadhi ya zile chupa za kupandisha okteni. Na ile duara ya kahawia kwenye kauri, juu tu ya chuma, ambayo fundi atakuonyesha akisema plagi inavuja: haivuji. Ni vumbi la oili lililovutwa na umeme, na plagi nzima kabisa huwa nayo.

Kama gari lako si NZ

Passo na Vitz za lita moja zenye 1KR-FE zina silinda tatu, unanunua plagi tatu, na za IST usizijaribu humo. Soma namba ya plagi iliyotoka uilinganishe na kitabu cha gari, maana mwenye gari kabla yako naye huenda alipewa "ile ile".

Honda Fit ya kwanza ya lita 1.3, ile ya i-DSI, inawashangaza watu: ina plagi nane, mbili kwa kila silinda, nne mbele na nne nyuma ya hedi. Za nyuma zimejificha karibu na kioo na zinasumbua mkono, kwa hiyo ziko Fit nyingi barabarani zenye plagi nne mpya mbele na nne za tangu Japani nyuma. Ukinunua Fit iliyotumika na unaambiwa plagi zimebadilishwa, uliza ni ngapi. Ukimpa fundi kazi hiyo, nunua nane na umwambie akukabidhi nane za zamani.